JAAFAR BIN ABI TALIB (R.A.): BALOZI ALIYESHINDA BILA ZAWADI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Kabla hatujaingia kwenye kisa, hebu tuongee kidogo juu ya jambo unaloliona kila siku, pengine bila kulijua jina. Taifa likitaka kitu kutoka kwa wengine lina njia mbili. Ya kwanza ni mabavu: jeshi, vikwazo na vitisho. Ya pili ni ushawishi: kuwafanya watu wa nje wakupende na wakuamini mpaka wakusikize bila kulazimishwa. Ndiyo maana Uingereza ilianza kutangaza kwa Kiswahili kupitia BBC mwaka wa 1957, na Misri ya Gamal Abdel Nasser nayo ikatangaza kwa Kiswahili kutoka Cairo katika miaka hiyo hiyo ya hamsini. Ndiyo maana China ilifungua Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005. Hapo hakuna bunduki. Kuna sauti, masomo na urafiki.

Hata sisi watu wa Gusii tumewahi kuifanyia nchi yetu kazi hiyo. Naftali Temu aliposhinda mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka wa 1968 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, watu ambao hawakujua Kenya iko upande gani wa dunia waliijua siku hiyo. Na kinyago cha mawe ya Tabaka kikikaa juu ya meza ya mtu ng'ambo, kinamsimulia habari za Kisii ingawa hakina mdomo.

Sasa jiulize: mtu asiye na dola, asiye na hazina, asiye na jeshi wala redio, anaweza kuushawishi ufalme wa kigeni? Jibu utalipata kwa kijana mmoja aliyevuka bahari akaja bara letu hili la Afrika zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Jina lake ni Jaafar bin Abi Talib (R.A.).

ALIKUWA NANI?

Jaafar alikuwa mtoto wa Abu Talib, ami yake Mtume (S.A.W.) aliyemlea. Kwa hivyo yeye na Mtume ni ndugu, watoto wa mtu na nduguye. Ali (R.A.) unayemjua sana alikuwa mdogo wake, na Jaafar alimzidi kwa miaka kama kumi.

Abu Talib alikuwa mtu wa heshima lakini mkono wake haukuwa na kitu, na watoto walikuwa wengi. Ulipoingia mwaka wa njaa pale Makka, Mtume (S.A.W.) alimwendea ami yake mwingine, Abbas, wakashauriana kumpunguzia mzee mzigo. Mtume akamchukua Ali, Abbas akamchukua Jaafar. Kwa hivyo Jaafar aliyaonja maisha ya kulelewa katika nyumba ya mwingine, na huenda ndiyo sababu moyo wake ulikuwa mwepesi sana kwa maskini. Baadaye Abu Huraira (R.A.) alimsimulia kwamba alikuwa mtu bora kwa maskini, anawachukua nyumbani kwake na kuwalisha chochote kilichopo. Siku nyingine hakuna kitu ila kiriba kitupu cha samli, wanakipasua na kulamba kilichobaki ndani. Wakampa jina la Abul Masakin, baba wa maskini.

Jaafar aliingia katika Uislamu mapema, yeye na mkewe Asma bint Umais (R.A.). Na watu waliomwona walisema alifanana na Mtume (S.A.W.) kwa sura na kwa tabia. Kwa tabia! Shika hilo, maana ndilo lililofanya kazi Habasha.

KWA NINI HABASHA?

Makureshi waliwatesa Waislamu wa kwanza. Wengine walichomwa na jua wakiwa wamewekewa mawe kifuani, wengine wakauawa. Mwaka wa tano tangu kuja wahyi, yaani kama mwaka 615, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu wafuasi wake wahame. Hakuwaelekeza kwa kabila la Waarabu. Aliwaelekeza ng'ambo ya Bahari ya Sham, Habasha, nchi ambayo leo ni Ethiopia na Eritrea. Mfalme wake aliitwa Najashi, na alikuwa Mkristo. Sababu aliyoitoa Mtume ni moja: kwa mfalme yule hadhulumiwi mtu.

Ona basi ushawishi ulivyo. Habasha haikuwa imetuma mtu Makka kujisifu. Lakini sifa ya uadilifu wa mfalme mmoja ilivuka bahari ikafika kwenye masikio ya watu wanaoonewa.

Kundi la kwanza lilikuwa dogo, ndani yake Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti yake Mtume. Kisha likaenda kundi kubwa, wanaume zaidi ya 80, na wanawake na watoto. Jaafar na Asma walikuwamo, na Jaafar ndiye aliyekuwa msemaji wao.

MAKURESHI WATUMA MABALOZI

Makureshi hawakulala. Waliogopa kwamba watu hawa wakitulia huko, habari za dini mpya zitaenea, na biashara yao na Habasha itaingia doa. Wakachagua wajumbe wawili: Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia. Amr si mchezo. Alikuwa mjanja wa maneno na tayari anajuana na Najashi. Wakakusanya zawadi, hasa ngozi nzuri za Makka ambazo watu wa Habasha walizipenda sana.

Mpango wao ulikuwa hivi. Kabla ya kumwona mfalme wazunguke kwa maaskofu wake mmoja mmoja, kila mmoja apewe zawadi yake na aombwe kumshauri mfalme awarudishe wakimbizi bila hata kuwasikiza. Sisi Wakenya hilo tunalijua jina lake. Ni kitu kidogo.

Maaskofu wakakubali. Siku ya kikao Amr akamweleza mfalme kwamba hawa ni vijana wapumbavu waliotoka nchini mwake, wameacha dini ya wazee wao wala hawakuingia ya mfalme, na jamaa zao ndio wanaowajua zaidi, basi warudishwe. Maaskofu wakaitikia. Najashi akakasirika. Akakataa kuwatoa watu waliokimbilia kwake wakimchagua yeye kuliko wafalme wengine, mpaka awasikize kwanza.

SIKU YA KWANZA

Waislamu wakaitwa. Jiweke mahali pao, ndugu msomaji. Wewe ni mkimbizi. Huna zawadi ya kutoa. Ukikosea neno moja, wanawake na watoto wote wanarudishwa kwenye mateso. Utasema nini?

Jaafar akasimama. Hakuanza kwa kumsifu mfalme, wala kwa kuwatukana Makureshi. Alianza kwa kusema ukweli juu yao wenyewe: kwamba walikuwa watu wa ujinga, wanaabudu masanamu, wanakula mizoga, wanafanya machafu, wanakata undugu, wanawaudhi majirani, na mwenye nguvu kati yao anamla mnyonge. Kisha Allah akawaletea Mtume kutoka miongoni mwao, wanaujua ukoo wake, ukweli wake na uaminifu wake. Akawafundisha kumwabudu Allah peke yake, kusema kweli, kurudisha amana, kuunga undugu, kuwa wema kwa majirani na kuacha kumwaga damu. Akawakataza uongo, kula mali ya yatima na kuwasingizia wanawake watwaharifu. Walipomwamini, watu wao wakawaadhibu ili wawarudishe kwenye masanamu. Ndipo wakaichagua nchi ya Najashi, wakitumaini kwamba kwake hawatadhulumiwa.

Umeona alivyopanga maneno? Kila alichokitaja, mfalme mwadilifu angekielewa hata kama si Mwislamu: yatima, jirani, amana, ukweli. Hakumdanganya wala hakumbembeleza. Alitafuta mahali ambapo mioyo yao inaweza kukutana.

Najashi akauliza kama ana chochote katika yale aliyokuja nayo Mtume wao. Jaafar angeweza kuchagua sura yoyote. Akasoma mwanzo wa Surat Maryam, kisa cha Nabii Zakaria na Yahya, na Bibi Maryam na mwanawe. Mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa. Maaskofu nao, wale wale waliopokea ngozi jana, wakalia juu ya vitabu vyao. Najashi akasema kwamba haya na yale aliyokuja nayo Isa yametoka kwenye taa moja. Akawaambia wajumbe waende zao, hatawatoa watu hawa.

SIKU YA PILI

Wengi husimulia kisa hiki na kuishia hapo. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa kesho yake.

Amr alitoka na hasira akaapa atarudi na neno la kuwang'oa kabisa. Mwenzake Abdullah alimsihi aache, kwa kuwa hata hivyo ni jamaa zao. Amr hakusikia. Asubuhi akamwambia mfalme kwamba watu hawa wanasema jambo kubwa juu ya Isa mwana wa Maryam, wanasema ni mja. Waulize.

Hapo pana mtego kweli kweli. Ufalme ni wa Kikristo. Maaskofu wamekaa pande zote. Jana urafiki ulijengwa juu ya Surat Maryam, leo surat hiyo hiyo inageuzwa kuwa kamba ya kuwanyonga. Waislamu walikutana wakashauriana, na Bibi Umm Salama (R.A.), aliyekuwa nao na aliyetusimulia kisa hiki, anasema hawakuwahi kupatwa na jambo zito kama lile. Wangeweza kupaka rangi maneno. Wangeweza kusema nusu na kumeza nusu. Uamuzi wao ulikuwa kwamba watasema alichosema Allah na alicholeta Mtume, liwe liwalo.

Jaafar alipoulizwa akajibu kwamba Isa ni mja wa Allah na Mtume wake, na roho itokayo kwake, na neno lake alilolitia kwa Maryam bikira. Kwa adabu, wazi, bila kupunguza.

Najashi akainama akaokota kijiti, akasema kwamba Isa hakuzidi hayo kwa kadiri ya kijiti kile. Maaskofu wakaguna. Mfalme akasema hata mkigunaguna. Akawapa Waislamu amani, akaweka faini kwa atakayewatukana, akaamuru zawadi zote za Makureshi zirudishwe. Alisema Allah hakumla rushwa alipomrudishia ufalme wake, basi yeye ataichukua vipi? Kwani Najashi naye aliwahi kudhulumiwa utotoni: baba yake aliuawa, na yeye mwenyewe akauzwa utumwani kabla ya kurudishwa kwenye kiti. Mtu aliyeonja dhulma alimwelewa mkimbizi.

MIAKA YA UGENINI

Jaafar alikaa Habasha miaka kama 12. Fikiria, si safari ya wiki mbili. Watoto wake Abdullah, Muhammad na Aun walizaliwa huko. Waislamu waliishi kama wageni wenye adabu: wakiabudu bila kuudhiwa, na bila kuwaudhi waliowapokea. Mpinzani mmoja alipoinuka kumpokonya Najashi ufalme, Waislamu walimwomba Allah ampe mwenyeji wao ushindi, na kijana Zubair bin al-Awwam akaogelea juu ya kiriba kilichojazwa hewa kuvuka mto, awaletee habari za vita. Walifurahi mno aliposhinda. Furaha ya mwenyeji ikawa furaha yao.

Matunda yake? Najashi alisilimu. Alipokufa, mwaka wa tisa wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwatangazia Masahaba kifo chake na akawasalisha sala ya maiti asiyekuwepo. Na Amr bin al-As, balozi aliyeshindwa, je? Miaka baadaye alirudi tena Habasha, na huko huko kwa Najashi moyo wake ukageuka. Akaenda Madina akasilimu, na ndiye aliyekuja kuifungua Misri. Wallahi hayo ni maajabu. Zawadi zake zilirudishwa, lakini yeye mwenyewe hakurudi alivyokuja.

Kisa hiki bado kina nguvu mpaka zama zetu. Katika kijiji cha Negash, jimbo la Tigray, Ethiopia, kuna msikiti na makaburi yanayoaminika kuwa ya Najashi na ya baadhi ya Masahaba. Serikali ya Uturuki ilipokarabati mahali hapo kupitia shirika lake la TIKA, ilikuwa inatafuta mapenzi ya watu kwa njia ya kumbukumbu ya Jaafar na wenzake. Vita vya Tigray viliuharibu msikiti huo mwishoni mwa mwaka 2020. Mabavu yanabomoa kwa siku moja kilichojengwa kwa mapenzi karne nyingi.

KURUDI, NA KUONDOKA

Jaafar alirudi mwaka wa saba wa Hijra, 628, akamkuta Mtume (S.A.W.) ndiyo tu Khaibar imefunguliwa. Mtume akamkumbatia, akambusu baina ya macho, akasema hajui afurahie lipi zaidi, kufunguliwa Khaibar au kuja kwa Jaafar. Na Umar (R.A.) alipomtania Asma kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa hijra, Bibi Asma hakunyamaza. Alimjibu kwamba nyinyi mlikuwa na Mtume akiwalisha wenye njaa wenu, na sisi tulikuwa nchi ya mbali ya ugenini kwa ajili ya Allah. Akaipeleka kesi kwa Mtume, na Mtume akahukumu kwamba watu wa jahazi wana hijra mbili.

Haukupita muda mrefu. Mtume (S.A.W.) alimtuma Harith bin Umair al-Azdi na barua upande wa Sham. Njiani Shurahbil bin Amr al-Ghassani akamkamata akamuua. Kumuua mjumbe ni jambo ambalo hata wafalme wa zamani waliliona aibu. Ndipo likatoka jeshi la watu 3,000 kwenda Mu'ta, katika Jordan ya leo, mwaka wa nane wa Hijra, 629. Zaid bin Haritha akashika bendera, akauawa. Akaichukua Jaafar. Akateremka farasi wake akapigana kwa miguu. Mkono wa kulia ukakatwa, akaishika kwa kushoto. Wa kushoto ukakatwa, akaikumbatia kwa vigutu mpaka akafa shahidi. Abdullah bin Umar (R.A.) alimkuta na majeraha zaidi ya 50, na hakuna hata moja mgongoni. Mtume akatoa habari kwamba Allah amempa mbawa mbili badala ya mikono, anaruka Peponi. Ndiyo maana anaitwa Jaafar at-Tayyar.

Siku hiyo Madina, Asma alikuwa amekanda unga, amewaogesha watoto na kuwapaka mafuta, akimngoja mumewe. Mtume (S.A.W.) akaingia, akaomba aletewe watoto, akawakumbatia na kuwanusa huku machozi yakimtoka. Asma akaelewa. Kisha Mtume akaamuru familia ya Jaafar ipikiwe chakula, maana wamefikwa na la kuwashughulisha. Leo ukiona majirani wanabeba sufuria kwenda nyumba yenye msiba, ujue sunna hiyo ilianzia mlangoni kwa Jaafar.

SASA WEWE WA KISII NA NYAMIRA

Ndugu msomaji, sisi Waislamu wa kaunti hizi mbili ni wachache. Kulia kwetu Wasabato, kushoto Wakatoliki, na wengine ni wajomba na shangazi zetu wa damu. Jirani yako wa Keroka au Nyansiongo labda hatasoma kitabu cha Kiislamu maisha yake yote. Kitabu atakachosoma ni wewe. Ukimpunja kwenye mizani sokoni, amesoma. Ukimrudishia simu aliyoisahau kwenye matatu, amesoma pia.

Basi tuchukue haya kwa Jaafar:

1. Tabia inatangulia maneno. Maneno ya Jaafar yaliaminika kwa sababu miaka yote iliyofuata hakuna aliyeona mwenendo wao ukiyakanusha.

2. Anza na mnachokubaliana. Jirani yako na wewe mnampenda Bibi Maryam, mnachukia dhulma, mnajali yatima. Anzia hapo. Mabishano ya stendi hayajawahi kumliza mtu machozi ya Najashi.

3. Ukiulizwa, usifiche. Wewe mwanafunzi uliye Mwislamu peke yako darasani, usiseme unaumwa tumbo ili usile mchana. Sema unafunga, na ueleze kwa nini. Nenda kwa mwalimu kwa adabu umwombe mpango wa daku. Jaafar alikuwa na la kupoteza zaidi yako, na alisema.

4. Mpende mwenyeji wako. Akifiwa, pika upeleke. Akifurahi, furahi naye. Mwezi huu mwalike mmoja tu asiye Mwislamu mfuturu pamoja, hata kama mezani kuna uji wa wimbi na ndizi za shambani.

5. Usinunue mioyo. Msaada ni ibada, utoe kwa ajili ya Allah. Ukiugeuza kuwa chambo, umekwisha kusimama upande wa ngozi za Makka.

Mataifa makubwa hutumia mamilioni kutafuta kile ambacho Jaafar alikipata kwa ukweli na adabu. Wewe hukupewa ubalozi na serikali yoyote, lakini kila unapotoka mlangoni na jina lako la Kiislamu tayari unauwakilisha Uislamu.

Ewe Mola wetu, tukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Turuzuku ulimi wa kweli na tabia ya Mtume wako. Warehemu wazee wetu waliouleta Uislamu katika milima hii, na utukutanishe na Jaafar mwenye mbawa mbili katika Pepo yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.